Mwezi Una Siku Ngapi?

Muulize mtu yeyote njiani: siku 90 ni miezi mingapi? Atakujibu bila kufikiri: mitatu. Mwulize tena: siku 30 je? Atacheka, maana hata mtoto wa darasa la kwanza ajua kwamba huo ni mwezi mmoja. Nami nataka kuwaonyesha leo kwamba jibu hilo jepesi limewanyima watu mishahara, na mara moja, hapa hapa Lubudi, lilitaka kuvunja nyumba ya watu waliofunga ndoa.

Kazi yangu ni kufundisha dini, lakini mwalimu wa dini hutunza pia daftari la ubatizo na kalenda ya mwaka. Kwa hiyo wenye shida ya tarehe hunijia mimi. “Mwalimu, nihesabie,” husema. Mmoja ana kontra mkononi, mwingine ana karatasi ya zahanati, mwingine anatafuta siku ya kuondoa matanga. Kwa miaka kadhaa nimehesabu siku za watu, nikaona kwamba shida yao si kugawanya. Wengi wanajua kugawanya kuliko mimi. Shida ni kwamba wanagawanya kabla ya kuuliza: je, ni siku zipi, na ni mwezi gani?

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha yetu mwezi ni ule unaong'aa usiku, na mwezi ni zile siku zinazoandikwa kwenye kalenda. Ni neno moja, lakini vitu viwili. Mwezi wa mbinguni, tangu kuandama mpaka kuandama tena, huchukua siku 29 na nusu na kidogo. Miezi 12 ya namna hiyo ni siku 354 tu, nazo ni pungufu kwa mwaka wa jua siku 11 hivi. Ndiyo sababu Pasaka, inayofuata mwezi mpevu, huhamahama kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, wala haikai mahali pamoja kama Noeli.

Mwezi wa kalenda ni mwingine. Huo ulipangwa na Warumi, ukatengenezwa na Julius Kaisari miaka 45 kabla ya Kristu, na tena na Papa Gregori wa 13 katika mwaka 1582, alipoamuru kwamba baada ya tarehe 4 Oktoba ifuate tarehe 15 Oktoba, ili kalenda ilingane na jua. Miezi hiyo haina urefu mmoja, kama ajuavyo kila mtu aliyefundishwa kuihesabu kwa ngumi: kila fundo la kidole ni siku 31, kila bonde ni siku 30, isipokuwa Februari. Hesabu sasa miezi mitatu tangu tarehe 1 Februari mpaka tarehe 1 Mei, katika mwaka usio mrefu: utapata siku 89. Hesabu miezi mitatu tangu tarehe 1 Julai mpaka tarehe 1 Oktoba: utapata siku 92. Yote ni miezi mitatu. Basi mtu asemaye “miezi mitatu” na mtu asemaye “siku 90” hawakusema neno moja, hata kama wote wawili ni waaminifu.

Wazee wa pwani, walikotoka mababu wa lugha hii ya Kiswahili, walilijua jambo hili vizuri. Kwa sala na mifungo Waislamu wa huko walifuata mwezi unaoandama. Lakini mkulima hawezi kupanda kwa mwezi unaorudi nyuma siku 11 kila mwaka, wala baharia hawezi kungoja pepo za kaskazi na kusi kwa mwezi huo. Kwa hiyo walihesabu mwaka wa jua tangu siku ya Nairuzi, kwa mafungu ya siku kumi kumi, na kila fungu waliliita mwongo. Miongo 36 ni siku 360. Zikabaki siku 5, mwaka ukatimia. Siku hiyo ya mwaka mpya bado yafanyiwa sherehe Makunduchi, kisiwani Unguja, katika mwezi wa Julai, nayo huitwa Mwaka Kogwa. Siku hizi neno mwongo hutumika zaidi kwa miaka kumi, lakini kwanza lilikuwa la siku kumi. Wazee wale walikuwa na hesabu mbili, nao hawakuzichanganya. Walijua hii ni ya nini na ile ni ya nini.

Sisi wa Katanga tuna hesabu ya tatu, nayo imeingia katika vinywa vyetu mpaka hatuisikii tena. Hapa kwetu watu wengi huita Jumatatu kazi moja, Jumanne kazi mbili, na kuendelea mpaka kazi tano. Halafu Jumamosi ni siku ya posho, na Dominika ni siku ya Mungu. Majina hayo yalitoka wapi? Yalitoka kambini. Wafanyakazi wa migodi na wa njia ya reli walipewa chakula chao, unga na samaki na chumvi, mara moja kwa juma. Siku ya kugawiwa posho ikawa ndiyo mwisho wa juma. Basi tulijifunza kuhesabu juma kwa mkono wa mwajiri: siku za kazi zina namba, na siku ya kula ina jina lake.

Kadhalika mwezi. Katika Tanganyika ya Waingereza, kwenye mashamba ya mkonge, mfanyakazi alipewa karatasi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30. Siku aliyofanya kazi iliandikwa, siku aliyougua au asiyofika haikuandikwa, Dominika haikuandikwa. Mshahara wa “mwezi” ulitoka kipande kilipojaa. Sasa pigeni hesabu. Kwa siku sita za kazi kila juma, siku 30 ni majuma matano kamili, yaani siku 35, ikiwa mtu hakukosa hata siku moja. Vipande 12, ambavyo mtu angedhani ni mwaka, ni majuma 60. Na mwaka una majuma 52 tu. Kwa hiyo aliyedhani amelipwa mwaka alikuwa ameutumikia mwaka na karibu miezi miwili.

Nasi huku Kongo ya Wabelgiji hatukukosa mfano wetu. Amri ya mwaka 1933 iliwaruhusu watawala kuwalazimisha watu wa vijijini kufanya kazi, hasa za mashamba, mpaka siku 60 kila mwaka. Katika mwaka 1942, wakati wa vita, siku hizo zikaongezwa mpaka 120. Kwenye karatasi, siku 120 ni miezi minne. Lakini shambani, kwa siku sita za kazi kila juma, ni majuma 20, yaani zaidi ya miezi minne na nusu. Tena jembe halikuchagua miezi ya kiangazi. Lilitaka majuma yale yale ya mvua ambayo mama wa nyumba alihitaji kupanda mahindi yake na muhogo wake. Aliyeandika amri alihesabu siku. Aliyelima alihesabu njaa ya mwaka ujao.

Mtaniambia: mwalimu, hayo ni ya zamani, wakati huo umepita. Ni kweli, umepita. Lakini tazameni kontra za vijana wetu waendao Kolwezi, Fungurume na Tenke kutafuta kazi kwa wakandarasi wa migodi. Kijana huletewa karatasi ya Kifaransa iliyoandikwa siku 90. Anafurahi na kumwambia mkewe: “Baada ya miezi mitatu nitarudi.” Lakini hakuuliza ni siku zipi. Kama ni siku zote za kalenda, kweli ni karibu miezi mitatu. Kama ni siku za kazi, sita kwa juma, ni majuma 15, yaani miezi mitatu na nusu. Kama kazi ni siku tano kwa juma, ni majuma 18, yaani miezi minne na zaidi. Na makarani wa mishahara huhesabu mwezi wa siku 26 za kazi. Kwao siku 90 ni miezi mitatu na siku 12. Karatasi ni moja na namba ni moja, lakini mke anayengoja nyumbani hajui aweke unga wa miezi mingapi.

Nitawapa mfano wa kijana mmoja wa kwetu. Alichukuliwa na mkandarasi mdogo, kazi ya kubeba na kuchimba mitaro, kwa siku: unafanya leo, unalipwa leo. Alianza Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Aliendelea hivyo mpaka Jumamosi tarehe 24 Mei. Hapo aliambiwa jioni kwamba kesho asirudi. Aliporudi Lubudi alisema, “Sina haki yoyote, maana sijafikisha miezi mitatu.” Nani alimwambia habari ya miezi mitatu? Hakuna. Ni watu tu walivyozoea kusema.

Nilimwonyesha sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002. Sheria hiyo haisemi miezi mitatu. Yasema kwamba mtu anayeajiriwa kwa siku, akiisha kufanya siku 22 za kazi katika muda wa miezi miwili, akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, basi kazi yake yahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho uliowekwa. Tuliketi tukahesabu. Siku yake ya 22 ilikuwa Alhamisi tarehe 27 Machi. Tangu kesho yake hakuwa tena mtu wa siku moja moja. Na mwenye kontra ya namna hiyo, akiachishwa pasipo kosa zito, hupewa taarifa ya siku 14 za kazi, au malipo yake, na siku saba za kazi zaidi kwa kila mwaka mzima aliotumika.

Kwa bahati kijana yule alikuwa amepiga alama za mkaa ubavuni mwa mlango wa chumba alicholala, alama moja kwa kila siku ya kazi, na mwenzake aliyebaki kule akazihesabu. Zilikuwa 70. Majuma 12 ya siku sita ni siku 72. Ondoa tarehe 1 Mei na tarehe 17 Mei, siku kuu za nchi: zabaki 70. Alama za mlangoni na kalenda vilipatana. Aliyaandika yote kwenye karatasi, tarehe kwa tarehe, akaipeleka kwa mkaguzi wa kazi. Alilipwa siku zake 14. Si fedha nyingi, lakini zilimnunulia mabati ya nyumba. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba siku pia ni mali.

Kina mama nao wasikie. Sheria hiyo hiyo humpa mama mwenye kazi ya mshahara likizo ya uzazi ya majuma 14 yanayofuatana. Mara nyingi nimesikia ikisemwa, “konje ya miezi mitatu.” Sivyo. Majuma 14 ni siku 98. Miezi mitatu ni siku 89 mpaka 92. Mama anayekubali miezi mitatu amepoteza siku sita mpaka tisa za kumnyonyesha mtoto wake, wala hakuna aliyemwibia kwa nguvu. Zimepotea katika neno.

Sasa nifike kwa ile nyumba niliyoitaja. Mume alikuwa na kazi Kolwezi. Baada ya sikukuu za Noeli alikaa nyumbani mpaka tarehe 10 Januari, akaondoka. Mkewe alijifungua mtoto wa kiume tarehe 6 Oktoba. Mama mkwe akakunja vidole: Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Vidole vikaisha vyote. “Miezi kumi!” akasema. “Mwanamke hubeba miezi tisa. Mtoto huyu ametungwa mwanangu akiwa hayupo.” Maneno yakaenda ukoo mzima. Mume akaitwa kwa simu, akaja na uso umekunjamana, na wazee wa upande wa mke wakaulizwa habari ya kurudisha mahari.

Waliniita kwa sababu ya ubatizo, maana hawakujua waandike baba gani. Nilimwomba mama mkwe ruhusa ya kuuliza neno moja. “Mwalimu,” akanijibu, “mimi nimezaa watoto saba, nisijue kuhesabu?” Nikamwambia, “Mama, sikufundishi uzazi. Niambie tu: Malaika Gabrieli alimpasha habari Mama Maria siku gani?” Akasema tarehe 25 Machi, maana huiadhimisha kila mwaka. “Na Bwana wetu alizaliwa lini?” Akasema tarehe 25 Desemba. “Basi, mama, nihesabie kwa vidole kama ulivyohesabu juzi.” Akaanza: Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Akafika kumi. Alivitazama vidole vyake kwa muda mrefu, asiseme neno.

Hapo ndipo tulipohesabu siku, mimi na mume, kwenye kalenda ya ukutani. Tangu 10 Januari mpaka 6 Oktoba ni siku 269. Mwuguzi wa zahanati alikwisha kumwambia mke, lakini hakusikilizwa, kwamba tangu kutungwa mpaka kuzaliwa mtoto hukaa siku 266 hivi, pengine na siku kadhaa zaidi au pungufu. Mume akapiga hesabu mwenyewe mara mbili. Kisha akaingia ndani kwa mkewe, nasi tukatoka nje. Mtoto aliandikwa kwa jina la baba yake.

Kosa lilikuwa wapi? Mama yule alihesabu majina ya miezi, hakuhesabu miezi. Majina ni kama miti ya boma na miezi ni kama nafasi kati ya miti: miti kumi ina nafasi tisa. Wala si yeye peke yake. Wafaransa, ambao kontra zetu huandikwa kwa lugha yao, husema “siku nane” wakitaka kusema juma moja, na “siku kumi na tano” wakitaka kusema majuma mawili, maana huhesabu siku ya kwanza na ya mwisho pia. Na zahanati ina hesabu yake: majuma 40, yaani siku 280, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mama akigawanya 40 kwa nne atapata miezi kumi, naye ataogopa kwamba amechelewa. Hajachelewa. Majuma manne ni siku 28 tu, na hakuna mwezi wa kalenda ulio mfupi hivyo ila Februari.

Kanisa lenyewe, katika Sheria zake za mwaka 1983, halikuacha jambo hili kwa mazoea. Kanuni ya 202 yasema kwamba katika sheria mwezi ni siku 30 na mwaka ni siku 365, isipokuwa imesemwa kufuata kalenda. Lakini muda ukiwa wa mfululizo, mwezi hufuata kalenda daima. Kanuni inayofuata yasema siku ya kuanzia kwa kawaida haihesabiwi. Na iliyotangulia yataja muda wa namna nyingine, usiomwendea mtu asiyejua haki yake au asiyeweza kuitafuta. Naipenda sana kanuni hiyo. Laiti ingalikuwa hivyo kwa kontra zote, siku zisimwishie maskini kabla hajaelewa alichotia sahihi!

Lakini sivyo ilivyo, wala siku hazimngoji mtu. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akikutajia muda, muulize mambo matatu kabla ya kusema ndiyo. La kwanza: ni siku zote, au ni siku za kazi tu? La pili: ni mwezi wa kalenda, au wa siku 30, au wa siku 26, au majuma manne? La tatu: siku ya kwanza yahesabiwa au haihesabiwi? Akiisha kukujibu, mwombe aandike tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Tarehe mbili zilizoandikwa hazina ubishi; neno “miezi” lina ubishi mwingi.

Nanyi vijana mnaokwenda migodini, nunueni daftari dogo. Kila jioni andikeni tarehe, si alama tupu. Na nyinyi wazee, kabla ya kumhukumu mke wa mtu kwa vidole, chukueni kalenda, mhesabu siku moja moja. Ni kazi ya dakika tano.